Wanasesere wa Kifalme na Mavazi Yao Madogo

Mwezi huu twataka kusema habari za jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani wanasesere. Lakini mambo ya watoto si madogo kwa watoto wenyewe, na wazee wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kisiwani kwetu Pemba, tangu Wete na Chake Chake hata Mkoani, mabinti wengi siku hizi wana wanasesere wa plastiki waliovikwa kama binti za wafalme. Huletwa kwa meli kutoka Unguja na Dar es Salaam, na wengine hutumwa na jamaa walioko Maskati. Mwanasesere huyu ana taji kichwani, ana joho la kung'aa, ana viatu vidogo kama punje za mtama, tena ana nguo za kubadili. Mabinti huzihesabu nguo hizo, hupeana, hubadilishana, huzifungia sandukuni. Na mwenye nyingi hujiona mkubwa kuliko wenziwe.

Wazazi kadha wa kadha wametuuliza: Je, huu si upotevu? Fedha ya msimu wa karafuu iende kwa taji la plastiki, na mtoto hana daftari? Wengine hujibu: Mwacheni acheze, utoto haurudi. Sisi twaona pande zote mbili zina haki, lakini jambo kubwa liko kwingine. Mwanasesere ni mtu mdogo aliyekaribishwa nyumbani, na kila aingiaye nyumbani hufundisha neno. Basi yafaa tuulize, malkia huyu mdogo amfundisha mtoto wetu kwamba ni nani astahiliye kuvikwa vizuri? Tena, nguo yake aliishona nani?

Wana wa zamani

Mwanasesere hakuletwa pwani na wageni. Jina lake ni la Kiswahili cha zamani, nao mama zetu walimtengeneza kwa vitu vilivyokuwapo: gunzi la muhindi lililovikwa tambara, au kitambaa kilichojazwa sufi na kufungwa uzi shingoni. Binti alimbeba mgongoni, akamwimbia, akamlaza. Hakununua kitu, wala mwanasesere wake hakuwa na jina la duka.

Ng'ambo ya bahari, katika Mrima, Wazaramo na Wakwere na majirani zao walikuwa na mwana wa mti aitwaye mwana hiti. Ni kipande kidogo cha mti kilichochongwa, hana mikono wala miguu, bali ana kichwa kizuri chenye nywele zilizosukwa mafungu mawili. Mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana huyo amwogeshe, ampake mafuta, amtunze kama mtoto mchanga, ili ajifunze kazi ya mama kabla hajaitwa mama. Sura iyo hiyo ilichongwa katika viti vya machifu na katika fimbo zao. Basi ndugu, hata kwetu mwana wa kuchezewa na kiti cha enzi vilijuana tangu zamani. Tena tazameni, mwana huyo alirithiwa, akapita mkono kwa mkono katika ukoo. Thamani yake ilikuwa katika wale waliomtunza.

Malkia aliyeshona

Sasa twendeni Uingereza kidogo, maana huko pana habari ambayo yafaa kila binti aisikie. Malkia Victoria alizaliwa mwaka 1819, akatawala tangu 1837 hata 1901. Ndiye malkia ambaye Sultani wetu Barghash bin Said alionana naye alipofika Uingereza mwaka 1875. Alipokuwa binti mdogo, Victoria alilelewa kwa ulinzi mwingi, na watoto wa kucheza naye walikuwa wachache. Basi yeye na mlezi wake, Bibi Lehzen, mwanamke wa Kijerumani, wakakusanya wanasesere. Walikuwa 132 kwa jumla.

Mwanamke mmoja, Frances Low, aliandika habari zao katika kitabu cha mwaka 1894, naye malkia alikuwa angali hai. Wanasesere hao walikuwa wa mti, wenye viungo vya kukunjika, wadogo sana, wa sentimita 8 hata 23 tu. Hawakuwa wa thamani kubwa. Walikuwa wa namna ile iliyouzwa kwa watoto wa kawaida. Lakini nguo zao! Victoria na mlezi wake waliwavika kama mabibi wa jumba la kifalme, na kama watu waliowaona katika michezo ya kuimba na kucheza jukwaani. Katika hao 132, thelathini na wawili alivika binti mwenyewe kwa sindano yake. Palikuwa na leso ndogo zisizozidi sentimita moja na robo kila upande, nazo zimetiwa herufi kwa uzi wa hariri. Palikuwa na aproni zenye mifuko ambayo hata punje ya mchele ingejaa ndani yake.

Tena waliweka daftari. Humo waliandika jina la kila mwanasesere, ni nani anayemfananisha, na ni nani aliyemvika. Binti huyo aliendelea na kazi hiyo mpaka alipokaribia miaka 14, akawaweka sandukuni. Miaka michache baadaye akavikwa taji la kweli.

Hapa lipo fundisho la kwanza. Binti wa ukoo wa kifalme, ambaye angaliweza kununuliwa kila kitu, alipewa mti wa bei ndogo na sindano. Saburi, jicho la kupima, mkono usiotetemeka, na utaratibu wa kuandika hesabu ya vitu vyake, hayo yote aliyapata katika mchezo.

Wanasesere wasiochezewa

Kando ya habari hiyo tuweke nyingine. Mwaka 1938 Mfalme George wa Sita na mkewe walikwenda Paris kuzuru. Wafaransa wakawatolea binti zao wawili, Elizabeth aliyekuwa na miaka 12 na Margaret aliyekuwa na miaka 7, wanasesere wawili wakubwa, karibu urefu wa mita moja, walioitwa France na Marianne. Pamoja nao zilitolewa nguo na vyombo zaidi ya 350: majoho, kofia, mikoba, glavu, mapambo ya vito. Vilitengenezwa na nyumba kubwa za mavazi na vito za Paris, kama Lanvin, Hermès na Cartier. Wanasesere hao wamewekwa katika ngome ya Windsor. Huko huko ipo nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyobuniwa na fundi Edwin Lutyens, ikamalizika mwaka 1924, kila kitu ndani yake kikiwa sehemu moja ya kumi na mbili ya ukubwa wake wa kweli. Mna maji katika mabomba, na taa za umeme, na vitabu vidogo vilivyoandikwa na waandishi mashuhuri wa siku zile.

Ni kazi za ajabu, nasi hatuzidharau, maana zatuonyesha ufundi wa mikono ya watu wa wakati ule. Lakini watoto wawili hawakushona hata upindo mmoja katika nguo zile 350. Zawadi ile ilikuwa heshima ya nchi kwa nchi. Anayetaka kumfundisha mwanawe na azifuate zile leso ndogo za Victoria.

Jinsi biashara ya duka inavyokwenda

Mwanasesere wa mitindo tunayemwona madukani leo ana nasaba yake. Mwaka 1955 Wajerumani walitoa mwanasesere mwanamke mzima, jina lake Lilli. Bibi Ruth Handler wa Marekani alimwona, naye kampuni yake, Mattel, ikatoa Barbie mwaka 1959. Urefu wake ni sentimita 29 hivi, yaani karibu sehemu moja ya sita ya mtu mzima. Alipotolewa mara ya kwanza alivaa nguo ya kuogelea tu. Na nguo nyingine zote ziliuzwa mbalimbali.

Wazazi wauangalie sana mpango huo, maana humo ndimo fedha yetu inamopita. Mwanasesere hununuliwa mara moja, lakini nguo zake hazina mwisho: leo joho, kesho taji, kesho kutwa farasi na gari la kifalme. Kila mavazi mapya huamsha tamaa ya mengine. Tena wako watu wazima, hasa Ulaya na Marekani, ambao hukusanya wanasesere hao bila kufungua sanduku kabisa, kwa kuwa yule asiyeguswa huuzwa kwa bei kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni hiyo ilitoa fungu zima la binti za wafalme wa nchi mbalimbali, na miongoni mwao alikuwako binti wa mto Nile. Mtu mzima na afanye apendavyo na mali yake. Lakini mtoto anayeambiwa, usimguse mwanao asije akapunguka thamani, amepewa mzigo, wala hakupewa mchezo. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Swali la binti wa miaka sita

Sasa twafika palipo na uchungu. Katika nyumba moja tuijuayo hapa kisiwani, binti wa miaka sita aliletewa mwanasesere wa kifalme mwenye ngozi nyeupe na nywele za manjano zinazofika kiunoni. Alifurahi sana. Baada ya siku chache alikaa karibu na bibi yake aliyekuwa akisuka ukili, akamwuliza, "Bibi, nywele zangu zitageuka lini, nami niwe malkia?"

Wasomaji, msicheke. Swali hilo limekwisha kupimwa na wenye elimu. Huko Marekani, mtu na mkewe, Kenneth na Mamie Clark, wenyewe watu weusi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 waliwaonyesha watoto weusi wa miaka mitatu hata saba wanasesere waliolingana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza: Yupi mzuri? Yupi mbaya? Yupi anafanana nawe? Watoto wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, na mweusi kuwa ndiye mbaya. Na wengine, walipoulizwa ni yupi anayefanana nao, walilia. Kazi hiyo ilitajwa mahakamani, na mwaka 1954 mahakama kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za serikali ni kinyume cha sheria. Kumbe mwanasesere aweza kutoa ushahidi mbele ya majaji!

Watengenezaji nao walianza kugeuka polepole. Mwaka 1980 Mattel ilitoa Barbie mweusi wa kwanza mwenye jina hilo la Barbie, aliyebuniwa na Bibi Kitty Black Perkins, mwanamke mweusi. Mwaka 2003 katika nchi za Kiarabu alitolewa Fulla, mwenye abaya na mtandio, akapendwa sana katika Ghuba. Na mwaka 2007 huko Nigeria, Bwana Taofick Okoya alianzisha wanasesere walioitwa Malkia wa Afrika, wenye ngozi nyeusi na mavazi ya Kiyoruba, Kiigbo na Kihausa, kwa kuwa aliona binti yake mwenyewe atamani kuwa mweupe. Twamsifu, maana baba aliyesikia neno la mtoto wake hakulipuuza.

Lakini rudini kwa bibi wa yule binti wa miaka sita. Yeye hakuwa na kiwanda, wala hakumkemea mtoto, wala hakumnyang'anya mwanasesere wake. Alisema tu, "Mjukuu wangu, kesho niletee vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani. Nitakuonyesha mabibi wawili wa kwetu."

Bibi wa kwanza: binti wa Sultani

Kwa kitambaa cha kahawia na sufi alishona mwanasesere, akamtia nywele za nyuzi nyeusi za sufu, akazisuka. Huyu alimwita Salme.

Wasomaji wengi walijua jina hilo. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi jina lake Jilfidan. Katika kitabu alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 alieleza maisha ya majumba yale: jinsi watoto walivyogawiwa vitu vya kuchezea vilivyoletwa na merikebu kutoka Ulaya, na jinsi mabibi walivyovaa. Alieleza pia jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, maana mabinti walifundishwa kusoma tu: alinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, na mwaka 1867 akabatizwa huko kwa jina la Emily, akaolewa na mfanya biashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1924.

Iko picha yake mashuhuri aliyopigwa Hamburg akiwa amevaa mavazi ya kwao, nayo ndiyo kielelezo chema kwa mshonaji. Mavazi ya mabibi wa jumba yalikuwa hivi: suruali ndefu yenye marinda chini, kanzu fupi ya hariri iliyotarazwa, kitambaa cha kichwani chenye shada, barakoa usoni watokapo mbele za watu, mitali miguuni, na mitalawanda ya kukanyagia, yaani viatu vya mti. Yule bibi alishona suruali kwa kipande cha hariri ya kanzu kuukuu, na mjomba wa mtoto akachonga mitalawanda kwa kijiti. Mtoto alipomwona Salme, alimweka karibu na yule wa nywele za manjano, akasema, "Huyu naye ni malkia, na nywele zake ni kama zangu."

Bibi wa pili: mwenye kanga

Laiti habari ingekoma hapo, ingekuwa nusu. Maana hariri ile ya jumbani ilitoka wapi? Ilitoka katika pembe za ndovu na karafuu, na karafuu za Unguja na Pemba zilipandwa na kuchumwa na watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Nao watumwa wengi wakaletwa kisiwani kwetu. Nyumba nyingi za Wakristo wa hapa zina babu au bibi katika habari hiyo.

Siku zile nguo ilikuwa tamko, na kila mtu alisomwa kwayo. Mtumwa wa shamba alivaa merikani, ile nguo nyeupe ngumu, au kaniki, ile nguo ya bluu nzito karibu na nyeusi. Mtumwa hakuvaa viatu, wala mjakazi hakufunikwa kichwa kama waungwana. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia sahihi amri ya kuondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Na masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Basi wanawake waliopata uhuru walifanya nini? Wengi wao, fedha ya kwanza waliyopata kwa kazi ya mikono yao waliitia katika nguo. Waliacha kaniki, wakavaa kanga.

Husimuliwa ya kuwa kanga ilizaliwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, pale wanawake wa Unguja waliponunua leso zilizokuwa hazijakatwa, wakazikata tatu tatu, wakaziunga mbili mbili zikawa nguo moja pana. Wafanya biashara wakaona, wakachapa nguo nzima. Ndiyo yenye pindo pande zote, na mji katikati, na baadaye jina lililoandikwa chini yake.

Kwa hiyo bibi yule alishona mwanasesere wa pili. Alimvika kwanza kipande cha kaniki, akaketi na mjukuu wake, akamwambia habari za bibi yake mwenyewe, aliyekuwa mjakazi katika shamba la karafuu, na aliyebaki kuchuma karafuu baada ya uhuru, kwa ujira wa kila pishi. Kisha akamvua mwanasesere kaniki, akamvika doti ya kanga mpya, moja kifuani, moja kichwani na mabegani. Mtoto akauliza, "Mbona huyu hana taji?" Bibi akamjibu, "Huyu kanga yake aliinunua mwenyewe, mjukuu wangu."

Sisi hatuna la kuongeza juu ya jibu hilo, ila kuwashauri wasomaji: kila sanduku la wanasesere wa kifalme lililoko katika nyumba zetu lipate bibi huyo wa pili. Binti anayemjua malkia tu, asimjue aliyevunja mgongo ili malkia avikwe, amejua nusu ya nchi yake.

Jinsi ya kushona na kutunza

Sasa kwa mama na waalimu wa kushona, maneno machache ya kazi.

Mwanasesere wa duka, kama tulivyosema, ni karibu sehemu moja ya sita ya mtu. Kanga ya kweli ina upana wa sentimita 150 na kimo cha 110 hivi. Gawanyeni kwa sita: kanga yake itakuwa sentimita 25 kwa 18. Hesabu hii mwachieni mtoto aifanye mwenyewe. Ni somo la kugawanya lenye faida mkononi. Msikate kanga nzima yenye maua makubwa, maana ua moja litameza nguo yote. Tafuteni kitambaa laini chenye nakshi ndogo, na pindo lichorwe au lidariziwe kwa uzi. Upindo uwe mwembamba, maana upindo mnene humfanya mwanasesere aonekane amevaa godoro. Binti aanze kwa kupiga bandi, kisha kupinda, kisha tundu la kifungo, ambalo ndilo mtihani wa mkono. Akikosea, na afumue. Kitambaa ni kidogo, hasara si kubwa.

Wavulana wasiachwe nje. Wao wachonge mitalawanda na viti vya enzi kwa mabaki ya mbao, nao wajifunze kushona kofia ndogo ya kazi ya mkono, kama zile ambazo wanawake wa visiwa vyetu hushona kwa saburi ya majuma mengi. Msuka ukili na atengeneze mkeka wa kiganja kimoja. Hivyo nyumba nzima itakuwa na sehemu katika mchezo.

Juu ya kutunza: hewa yetu ina chumvi na unyevu, basi msiache pini wala sindano katika nguo, maana hushika kutu na kuacha madoa yasiyotoka. Nguo zikifuliwa zianikwe kivulini. Nguo ya rangi kali isiachwe mwilini mwa mwanasesere miezi mingi, kwa kuwa rangi huingia katika plastiki. Katika sanduku tieni karafuu kavu chache ndani ya mfuko wa kitambaa. Wadudu hawazipendi, na kwetu hazikosekani.

Mwisho, kila mtoto awe na daftari, kama lile la Victoria. Aandike humo: jina la mwanasesere, anamfananisha nani, kitambaa kimetoka wapi, nani amemshonea, na mwaka gani. Kipande cha nguo ya harusi ya mama, kipande cha kanzu ya babu aliyefariki, vyote vikiandikwa, sanduku hilo litakuwa kumbukumbu ya ukoo ambayo duka haliwezi kuuza. Na fedha je? Shauri letu ni hili: nguo ya dukani isinunuliwe mpaka mtoto ameshona tatu kwa mkono wake. Wengi watakaofika ya tatu hawataitaka tena ya dukani.

Mtu akisema wanasesere ni sanamu, na tuwe wapole katika kujibu. Mwana wa kuchezewa haabudiwi na mtu. Huogeshwa, hubebwa, husahauliwa chini ya kitanda. Hata majirani zetu Waislamu husimulia kwamba Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake, akicheza nao na wenziwe, wala hakukatazwa. Palipo na hatari ni katika kiburi na kijicho, na hayo huweza kuingia kwa njia ya daftari jipya au viatu vipya vilevile. Mtoto mwenye wanasesere wengi afundishwe kumshonea mwenzake asiye naye, na zawadi hiyo iwe nguo bora, isiwe ile iliyomkinai.

Waalimu, twawaomba mjaribu jambo hili katika darasa la kushona: mabibi wawili kwa kila mtoto, mmoja wa jumbani na mmoja wa shambani, na kila mtoto aeleze mbele ya wenziwe habari za mavazi ya wote wawili. Bibi na babu waalikwe wasikilize, maana wao wanajua majina ya nguo ambayo vitabu havina, nao watasahihisha. Mtakayoyapata tuleteeni kwa barua, tuyachape kwa faida ya nyumba nyingine.